Ganda Lililolala Kifudifudi

Sikuwahi kumwona Mwalimu akikaa kwenye kiti mpaka chai yake ikaisha. Alikuwa akipiga mafunda mawili, anasimama, anakwenda dirishani kutazama vumbi la barabara, anarudi kuinamia hadubini, kisha ananyanyuka tena kutafuta kitu ambacho mara nyingi kilikuwa mfukoni mwake. Chai inapoa na kuota utando. Mkewe aliimwaga kwenye shina la mgomba na kuleta nyingine bila neno, kama mtu anayebadilisha maji ya kuku.

Nilimfahamu kwa miaka mingi, na miaka hiyo yote nilimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kunifundisha darasani. Mimi ni fundi wa simu na redio. Kibanda changu kipo karibu na stendi ya Karatu, na elimu niliyo nayo zaidi ya ufundi nimeiokota mwenyewe, kipande kwa kipande. Yeye alikuwa mwalimu mstaafu wa biolojia wa sekondari. Siku ya kwanza alikuja kibandani amekumbatia hadubini iliyokufa taa. Niliitoa taa ile, nikaunga mahali pake kitaa cha tochi ya simu. Alichungulia, akasogeza kitu kwa ncha ya brashi, akachungulia tena, halafu akanipisha.

"Fundi, njoo uwaone wapangaji wangu."

Kwa macho matupu ulikuwa mchanga, si zaidi ya chumvi inayobaki kwenye vidole. Chini ya lenzi kila punje ilikuwa nyumba. Moja ilizunguka kama konokono, nyingine ilisukwa safu mbili kama nywele, nyingine ilikuwa nyeupe ya kung'aa kama kikombe cha kauri. Nikamuuliza ni konokono wa aina gani.

"Konokono ana moyo," alisema. "Ana tumbo, ana ulimi. Huyu ni seli moja. Seli moja tu, Fundi, na amejenga."

Siku hiyohiyo, amesimama, huku wateja wangu wakisubiri, alinieleza maisha ya kiumbe yule. Anaishi baharini. Anaanza na chumba kimoja cha chokaa, na akikua hahami, bali anaongeza kingine kikubwa zaidi mbele yake. Kati ya chumba na chumba anaacha kitundu, na kutokana na vitundu hivyo wataalamu wakamwita foraminifera, yaani mbeba vitundu. Kupitia mlango wa chumba cha mwisho anatoa nyuzi laini za ute wake, ananasa chakula na kukivuta ndani.

"Anajenga kama sisi watu wa Karatu," alisema. "Chumba kimoja, akipata tena cha pili. Tofauti ni kwamba yeye hasubiri bati."

Vidole vyake vilikuwa vya bluu. Watu wa mjini walikuwa na maelezo yao, ila sababu ilikuwa ni utaratibu wa kazi. Mchanga au tope likifika, huoshwa juu ya chekeche lenye matundu madogo sana. Udongo unapita, maganda yanabaki. Tatizo ni kwamba maganda mengine hunasa kwenye wavu na kutulia pale hadi siku ya kuosha tope la mahali pengine, ndipo yanatoka. Hapo utaapa kwamba umeyapata mahali ambapo hayajawahi kuwa. Kwa hiyo, kabla ya kila kuosha, chekeche huchovywa kwenye rangi ya bluu iliyokolea. Ganda lililobaki tangu safari iliyopita linageuka bluu, na ukilikuta kati ya meupe unajua ni mgeni. Mwalimu hakuwahi kuruka hatua hii. Alichovya chekeche kwa uaminifu wa mtu anayenawa kabla ya kula.

Mwenye duka la saruji, mzaliwa wa Tanga aliyehamia Karatu akiwa kijana, alikuwa na lake kuhusu vidole vile.

"Mwalimu, umepiga kura tena? Mwaka huu nchi nzima imepiga mara moja, wewe kila Jumatano."

"Napigia wasio na chama," Mwalimu alimjibu.

Wawili hawa walijifanya watani, ingawa makabila yao hayana utani wowote ninaoujua. Mwalimu alimwita Mtani, naye alilipokea jina hilo kama haki yake. Mtani ndiye aliyeleta bahari Karatu. Kila alipokwenda kwao kwa sikukuu alirudi na chupa ya maji iliyojaa mchanga wa pwani, akaiweka juu ya meza ya Mwalimu na kusema, "Shamba lako hilo. Palilia."

Mara moja alimchukua Mwalimu mwenyewe hadi Tanga. Nilisimuliwa na Mtani, ambaye hakuchoka kuisimulia. Walifika ufukweni asubuhi. Mwalimu akavua viatu, akapiga magoti kwenye mchanga wenye unyevu, ameipa bahari mgongo, akaanza kukwangua kwa kijiko cha chai.

"Mwalimu, bahari iko nyuma yako," Mtani akamwambia.

"Najua iliko. Ngoja kwanza."

Kesho yake alitaka kurudi Karatu. Alisema hapendi yale maji kwa sababu hayatulii. Na anayesema hivyo ni mtu ambaye ibada ndefu ya Jumapili aliisikilizia nje, akizunguka kanisa.

Meza yake, kinyume na mwili wake, ilitulia. Alikuwa na vibao vya karatasi ngumu vilivyotobolewa vishimo, na katika kila kishimo ganda moja limegandishwa kwa tone la gundi ya maji. Nyumba nzima ilikuwa vurugu: majembe kwenye kochi, viatu visivyo jozi, gunia la mahindi nyuma ya mlango wa chumbani. Vibao havikuguswa na mtu. Maelezo yake yote aliyaandika kwa penseli, kwa sababu wataalamu hubadili majina kila wanapojua zaidi. "Wino ni wa vyeti vya ndoa," alisema.

Mkewe aliyekuwa akipita na sinia alimjibu, "Hata vyenyewe angeandika kwa penseli, kama padri asingekuwa anamtazama."

Alikuwa na msemo wa kupanga maganda, na alinikaririsha mpaka nikauota: kwanza ukuta, pili vyumba, tatu mlango. Ukuta kwanza, kwa sababu wapo wanaogundisha punje za mchanga, wapo wa kauri isiyo na tundu, na wapo wa chokaa angavu iliyojaa matundu madogo. Vyumba baadaye: kimoja, au vilivyopangwa mstari, au vilivyosukwa, au vilivyozunguka. Mlango mwisho, kwa sababu mlango ndio unaotenganisha ndugu na ndugu. Uko wapi, una umbo gani, umetazama upande gani. "Asiyeuona mlango hana ruhusa ya kutaja jina." Nilipomletea ganda la kioo lenye matundu kama kikapu, nikadhani nalo ni la ukoo uleule, alilitia kwenye kopo la peke yake. "Huyu kajenga kwa kioo, hakujenga kwa chokaa. Kufanana nyumba si undugu, Fundi."

Mgawanyo uliomkosesha usingizi ulikuwa mwingine. Wengi wa wabeba vitundu hukaa chini, ndani ya tope la bahari. Wachache huelea maisha yao yote katika bahari wazi, pamoja na viumbe wengine wadogo wanaoitwa planktoni. Huzama wakifa tu, au mawimbi huwatupa ufukweni. Wa chini hujenga vyumba vilivyobanana. Wanaoelea huvimbisha vyumba kama maputo yaliyofungwa pamoja, na wengi wana miiba mirefu inayokatika wakifa. "Wa chini ni wakulima, wa Mbulu," alisema Mwalimu. "Wa juu ni wafugaji, wa Malambo kule. Anakwenda maji yanakokwenda. Usimtafute kwenye kisima."

Katika chupa za Mtani wanaoelea walikuwa wachache, na kwa uchache wao Mwalimu aliwapenda zaidi. Akimpata mmoja alimnyanyua kwa brashi ya nywele chache, ambayo kwanza aliilamba ncha ili ichongoke.

"Unalamba bahari asubuhi, unalamba Eyasi mchana," Mtani alimwambia siku moja. "Hilo tumbo lako litaanza kupata mawimbi."

Tulicheka sote, Mwalimu akiwemo.

Eyasi iliingia katika habari hii kwa njia ya vitunguu. Mwanafunzi wake wa zamani, anayelima vitunguu Mang'ola, alimletea gunia la tope la ukingo wa Ziwa Eyasi, kwa sababu Mwalimu aliliomba. Alikuwa na wazo. Eyasi ni ziwa la chumvi, na aina chache sana za wakaao chini huweza kuvumilia maji ya chumvi yasiyo ya bahari. Ndege hutua pwani, hukanyaga tope, huruka, hutua ziwani. Kwa nini mpangaji mmoja asisafiri kwenye mguu wa heroe?

Alichovya chekeche, akaosha, akakausha, akachambua. Siku nyingi hakupata ila punje za mawe. Kisha akapata ganda moja. Lilikuwa jeupe. Halikuwa na hata alama ya bluu.

Sikumbuki kumwona mtu mzima mwenye furaha ya namna ile. Alilipandisha kwenye kibao, akaligandisha, akaja kibandani kwangu bila kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ganda lilikuwa limelala kifudifudi: tuliona mgongo wake, yaani mzunguko wa vyumba kuanzia kile kidogo cha kwanza. Upande wa chini, wenye mlango, ulikuwa umegandishwa kwenye karatasi.

Na hapo ndipo pana jambo ambalo sikulielewa kwa miaka. Ukiangalia mgongo tu, ganda lile lingeweza kuwa la mkaa chini aliyevimba kidogo, au la mmoja wa wanaoelea. Kama ni la mkaa chini, ndege wamebeba bahari hadi Eyasi, na Mwalimu ndiye aliyeona. Kama ni la anayeelea, basi halikuishi ziwani hata siku moja, maana hao hawaishi nje ya bahari wazi, na huku kwetu hakuna mwamba wa bahari ambao lingeweza kudondoka kutoka kwake. Lingekuwa limefika Karatu kwa njia moja tu, ndani ya chupa ya Mtani. Kujua kulihitaji kulilowesha ganda, kuliinua na kulipindua.

"Litavunjika," alisema.

Alikuwa amepindua mamia ya mengine.

Kwa mtu mwingine ningesema ni ujanja. Lakini huyu ndiye mtu wa chaki. Kwa muda wote wa kufundisha aliwaambia wanafunzi kwamba chaki wanayoandikia ni makaburi ya planktoni, mabilioni ya maganda yaliyolala sakafuni mwa bahari ya kale. Ni kweli kwa chaki ya asili. Akiwa tayari mstaafu, alisaga kipande cha chaki ya shule akatazama: hakuna ganda. Akatia siki: hakuna povu, wakati chokaa ingetoa povu. Ilikuwa jasi ya kiwandani. Kesho yake alikwenda shuleni, akaomba dakika chache katika kila darasa, akasema alichofundisha kilikuwa makosa. Halafu akaanza kuwasaka waliokwisha kumaliza. Aliwasimamisha sokoni. Alimsimamisha dereva wa watalii katikati ya lami, na wazungu wake nyuma, akamwambia kupitia dirishani, "Ile chaki, nilikudanganya. Ni jasi." Dereva akamjibu, "Sawa Mwalimu, tutarekebisha," akaendelea na safari ya kreta.

Mtu huyo huyo alikaa na ganda moja lililolala kifudifudi na hakuligeuza.

Tena alikuwa ameshalitangaza. Shule ilipofanya sherehe ya wahitimu wake, alialikwa kuzungumza, akaeleza habari ya miguu ya ndege na mpangaji wa Eyasi. Walimpigia makofi. Mmoja wao, ambaye sasa ni mhadhiri wa chuo kikuu, alimwandikia baadaye kwenye simu. Nilisoma ujumbe huo kwa sababu Mwalimu alinipa simu niyakuze maandishi. "Shikamoo Mwalimu. Habari ya ganda imenifurahisha mno. Naomba picha ya upande wa chini tu, nami nitaipeleka kwa wenzangu."

"Nimjibu nini?" nilimuuliza.

"Mwambie mvua zimekatisha mtandao."

Ilikuwa kiangazi. Sikuandika chochote, naye hakuuliza.

Tangu hapo kibao kile hakikupata mahali. Wiki moja kilikuwa na wakaao chini, wiki nyingine nilikikuta kwa wanaoelea, halafu kwenye droo peke yake, halafu juu ya redio. Aliweza kuacha kula ili akakihamishe. Alilala vibaya; mkewe aliniambia kwamba alikuwa akitaja ukuta na vyumba usingizini, na kila mara aliishia hapo.

"Nyumba hii ina wageni wengi wasiokula," mama huyo alisema. "Wote nawavumilia. Huyo mmoja simpendi."

Yule dereva wa chaki alitupa lifti mara moja hadi ukingoni mwa kreta, akiwa na nafasi mbili. Watalii walipanga mstari kupiga picha. Chini kabisa lilionekana Ziwa Magadi, na pembeni mwake utepe wa waridi ambao dereva alisema ni heroe. Mwalimu aliomba darubini ya mtalii mmoja, akatazama, akairudisha. Kwa umbali ule hata ndege walikuwa rangi tu. Akaanza kwenda na kurudi kando ya ukuta mfupi, akiinama, akisimama, mpaka askari wa hifadhi akamsogelea.

"Mzee, shikamoo. Umepoteza kitu?"

"Marahaba. Bado sijajua," Mwalimu akamjibu.

Mara ya mwisho kukaa naye mezani ilikuwa mwaka jana, baada ya mavuno ya ngano, upepo ukiwa mkali na madirisha yamefungwa. Alinipigia simu. "Fundi, njoo na mikono yako." Niliikuta sababu usoni mwake. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho, la kushoto lilikuwa linaanza, na mkono ulioshika kikombe ulikifanya kigonge sahani. Kibao kilikuwa tayari chini ya lenzi. Mkewe alisimama mlangoni, hakuondoka.

"Leo tunaligeuza," alisema.

"Na likivunjika?"

"Likivunjika, limevunjika. Kaa."

Nilikaa. Nililowesha brashi kwa maji ya kikombe, sikuilamba, nikagusisha tone pembeni mwa ganda. Gundi ililegea polepole. Mwalimu alikuwa nyuma yangu, anatembea. Nilihesabu mahali alipo kwa mlio wa ubao mmoja wa sakafu. Ganda lilipoanza kuelea ndani ya tone nililitia ncha ya brashi chini ya ukingo, likainuka, likasimama wima, likaanguka upande wa pili. Zima.

"Limegeuka," nilisema.

Ubao ukanyamaza.

"Ukuta?"

"Chokaa angavu. Matundu madogo kila mahali. Na kuna vishina, kama miiba iliyokatika."

"Vishina vinaweza kuwa uchafu. Vyumba?"

"Upande huu vinaonekana vinne. Vimevimba."

"Vimevimba sana?"

"Kama maputo, Mwalimu."

Hakuuliza la tatu. Upepo ulipiga bati. Niliona nitoe jicho kwenye lenzi nimtazame, lakini nikaogopa kulipoteza ganda, nikabaki hivyohivyo nimeinama.

"Fundi, mbona hunimalizii?"

"Mlango uko katikati," nilisema. "Mpana. Unatazama kitovuni."

"Siyo mwembamba, kama mkwaruzo, huku ukingoni?"

"Hapana."

"Katikati hakuna kifundo?"

"Hakuna, Mwalimu. Ni mlango tu. Uko wazi."

Wakaao chini aliowatarajia Eyasi wana kifundo pale, na mlango wao ni mkwaruzo. Yeye ndiye aliyenifundisha. Mkewe alitoka mlangoni akaja akamshika kiwiko, naye akamwachia kwa muda mfupi kuliko ambavyo wengine wangemwachia, kisha akajitoa taratibu na kwenda dirishani.

"Piga picha," alisema akiwa amenipa mgongo. "Mtumie yule mtoto wa chuo aliyeiomba."

Niliweka kamera ya simu juu ya lenzi, nikapata picha iliyo wazi. Nikamuuliza niandike nini.

"Andika: mlango umeonekana."

Niliandika hivyo, nikatuma. Akaniambia nilihamishie ganda kwa wanaoelea, nifute Eyasi, niandike Tanga. Penseli ilikuwa mfukoni mwake. Ilibidi mkewe aitoe. Nilipofuta, karatasi ilikuwa imeshakuwa nyembamba mahali pale kwa kufutwa mara nyingi.

Nilidhani kazi imekwisha, nikaanza kufunika hadubini. Lakini Mwalimu alikuwa ameshaingia nyuma ya mlango wa chumbani, na nilimsikia akivuta kitu kizito sakafuni. Lilikuwa gunia la tope la Eyasi, lile lililobaki, limekauka na kupasuka.

"Hili halijaoshwa," alisema, akihema. "Nusu nzima haijaoshwa. Chovya chekeche."

Chai yake ilikuwa imepoa. Mkewe aliichukua akaenda nayo nje. Nilimimina rangi kwenye beseni, nikalizamisha chekeche mpaka pete yake ikafunikwa, na nilikuwa nanyanyua jagi la maji aliponishika mkono kwa vidole vyake vya bluu.

"Fundi," alisema. "Na brashi. Inagusa bahari na Eyasi, na haijawahi kuchovywa."